Vikapu vya Damas na Utani wa Shomari

Damas Masolwa, seremala wa Tabora, aliishi na kinyongo cha miaka mitatu, na wala hakukificha. Aliyemshauri asamehe aliambiwa akasamehe yeye, kama ni rahisi hivyo.

Enzi hizo za Mwingereza, kwenye uwanja wa vumbi karibu na stesheni, hakuna aliyecheza mpira wa kikapu kama Damas. Klabu moja ya Dar es Salaam ikatangaza kwamba itamwajiri kwa mshahara mfungaji bora wa ligi ya Tabora, kazi yake iwe kucheza tu. Damas alifunga mpaka watu wakachoka kushangilia. Lakini aliyeandika hesabu rasmi pale mezani alikuwa Shomari, Mzaramo, na kila Damas alipofunga, yeye alimwandikia Saidi, shemeji yake. Saidi huyo hata kudaka mpira ilikuwa shida! Nani wa kubishana na mshika kalamu? Hesabu zikapelekwa Dar, na Saidi akapanda treni.

Damas alipomfuata Shomari, yule bwana alicheka mpaka akashika mbavu.

"Wewe Mnyamwezi, mie Mzaramo. Babu zako walishuka pwani na mizigo ya pembe, wakawa watani wa babu zangu. Nilichochukua kwa mtani si wizi. Ukinuna, umevunja mila."

Na watu nao wakacheka. Hicho ndicho kilichomchoma Damas, maana mtani hana pa kumshtaki mtani. Akarudi kuranda mbao, akingoja.

Mwaka wa tatu mama yake Shomari akafariki. Jeneza lilipofika makaburini, Damas alikuwa keshaingia kaburini, amejilaza chali. Hakuna aliyeshangaa, kwani mtani ana haki ya kuzuia maziko mpaka wafiwa wampe kitu. Shomari, macho mekundu, akatoa shilingi.

"Weka pesa yako, mtani," Damas akasema kutoka chini. "Nataka hesabu. Vikapu vya Saidi vilikuwa vya nani?"

"Damas, ndugu yangu, mama yuko juani!"

"Mwosha huoshwa. Tena usinune, utavunja mila."

Wazee wakatazamana, hakuna aliyethubutu kumtoa. Shomari akalia, akajibu kwa sauti ya chini. Damas akamtaka arudie, na wa nyuma wasikie.

"Vyote vilikuwa vya Damas! Mimi niliiba!"

Ndipo Damas akapanda juu, akajipangusa udongo, akasimama kando wakazika. Roho yake ilikuwa nyeupe, na mimi simlaumu.

Kesho yake asubuhi akaenda kwa mwenyekiti wa ligi kudai hesabu zisahihishwe. Mji mzima umesikia, alisema, Shomari amekiri mwenyewe.

Mwenyekiti akamtazama kwa huruma.

"Amekiri wapi, Damas?"

"Makaburini, mbele ya watu wote."

"Nawe ukiwa kaburini, mtani wake?" Mwenyekiti akatikisa kichwa. "Huo ulikuwa utani, bwana. Maneno ya utani hayaingii kwenye hesabu rasmi."