Siku Nilipomfikisha Bwana Harusi Kinyumenyume

Kuna watu pale Kurui mpaka leo wakiniona napita wanageuka, wanatembea kinyumenyume mbele yangu hatua kadhaa, halafu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Sikasiriki. Aibu ile niliitengeneza mwenyewe, kwa spana zangu mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu, kwa hiyo bora niisimulie mimi kuliko muisikie kwa wanaotia chumvi (wapo wanaosema nilibomoa msikiti, si kweli, lilikuwa turubai tu).

Mimi ni mtu wa kuhama. Tangu nimalize kidato cha nne sijawahi kukaa mahali nikaota mizizi: nimevua Mtera, nimechimba mawe Tunduru, nimeuza mitumba Tunduma, na kote huko nilikuwa naota kitu kimoja, landrova ya marehemu baba, iliyobaki juu ya matofali nyuma ya nyumba yetu Kurui. Baba alikuwa akibebea korosho, sisi watoto tunalala juu ya magunia huku likinesa, na ile harufu ya magunia na dizeli sijaipata tena popote nilipozunguka. Basi mwaka juzi nikasema yatosha, nikarudi nyumbani, nikafukuza kuku waliokuwa wanatagia kwenye siti ya dereva, nikaanza kazi.

Kazi yenyewe niliifanya uani. Injini niliishusha kwa mnyororo uliofungwa kwenye mkorosho, nikaipandisha tena. Springi niliziongezea majani gari likasimama juu kama linachungulia ukuta wa jirani, nikaweka matairi mapana yenye meno, honi nikaitoa kwenye lori bovu, na nyuma nikapanga mabenchi mawili ya mbao yanayotazamana. Shafti ya magurudumu ya mbele nilikuwa nimeitoa, krosi yake, kile kiungo cha kuizungusha, imekufa, nasubiri nyingine, kwa hiyo lilikuwa linasukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. (Kumbukeni hilo, ndilo lililoniokoa.)

Sasa, kwetu mjomba ndiye anayemfikisha bwana harusi mlangoni kwa wakwe. Na mimi ndiye mjomba pekee wa Shabani, mtoto wa dada yangu Mwajuma anayeishi Sofu, kule Kibaha. Shabani alipoingia jando nilikuwa Tunduru. Alipomaliza chuo nilikuwa Tunduma, nikatuma salamu. Alipopata mchumba, na mchumba mwenyewe ni wa palepale Kurui, binti wa Mzee Kondo, jirani yetu ukuta kwa ukuta, dada akanipigia simu.

"Rajabu, uko wapi sasa?"

"Niko nyumbani, dada."

"Nyumbani gani, una nyumba ngapi?" Halafu akasema taratibu, "Sikiliza. Masika yale magari ya kukodi hayawezi kupanda kutoka bondeni. Wewe na hilo gari la baba ndio mtakaotupokea pale. Mwanangu afike mlangoni kwa watu akiwa msafi na kwa wakati. Safari hii ukinikosa, usiniite dada tena."

Nikaapa. Na kweli nilikuwa tayari, ila wiki ya harusi nikasikia difu la nyuma, lile bonge la gia linalozungusha magurudumu, linalia, wiii, kama mbu sikioni. Nikalitoa, nikalisafisha, nikabadilisha beringi, nikalirudisha nikiwa chali chini ya gari, grisi inanidondokea machoni. Difu la gari lile linafungwa na duara la nati, na zile nati hazina ubaguzi, zinakubali ukilifunga sawasawa na zinakubali ukiligeuza juu chini. Mimi nikaligeuza juu chini, nikakaza kwa nguvu zote, nikajipongeza.

Mtu mwenye akili angelisogeza gari hata hatua mbili kujaribu. Lakini nilikuwa nimeyapaka matairi rangi nyeusi yanang'aa, sikutaka yaguse tope, na zaidi nilitaka watu waone siku yenyewe, kwa mpigo. Nikalifunika turubai. Hapo ndipo mambo yote yalipoanzia.

Siku ikafika, mvua imenyesha usiku kucha, asubuhi jua. Uwanja wa Mzee Kondo umejaa mpaka shughuli imemwagikia uani kwetu, hema limesimamishwa huko, nyuma ya landrova yangu kabisa, wazee wamekaa kwenye mikeka, wapishi wako upande wa pili na masufuria ya pilau. Nikaenda kumwamkia baba wa bibi harusi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Bwana harusi yuko wapi? Shehe ana ndoa nyingine mbali. Akishaswali adhuhuri anaondoka, na mimi binti yangu siahirishi harusi kwa sababu ya tope."

"Ondoa shaka mzee, namfuata sasa hivi."

Nikalivuta turubai la gari kwa mbwembwe. Watu wakashangilia. Nikapanda, nikawasha, injini ikaitika mara moja (machozi yalinilenga, nisiwafiche), nikapiga honi ya lori watoto wakakimbia, nikampungia mkono kila mtu, nikaingiza namba moja, nikaachia klachi kwa madaha.

Gari likarudi nyuma.

Nikadhani nimekosea gia, basi kwa haraka nikatia namba mbili, nikakanyaga mafuta, na hapo likarudi nyuma kwa kasi zaidi, likagonga nguzo, hema zima likashuka taratibu kama mtu anayekaa kitako, puuu, juu ya wazee wote. Hakuna aliyeumia, Mungu mkubwa, kwa sababu walikuwa wamekaa chini, lakini nyinyi hamjawahi kuona wazee wenye heshima zao wakitambaa kutoka chini ya turubai mmoja mmoja, kofia zimepinda, na wa mwisho kutoka ni baba wa bibi harusi.

Kiongozi wa wapishi, Bi Tatu, akaja na mwiko wake.

"We Rajabu! Hilo ni gari au mwali, mbona linaona haya kwenda mbele?"

Uwanja mzima ukalipuka. Nikasema ngoja nijaribu rivasi, nikaingiza, na gari likaenda mbele, polepole, likinguruma. Hapo ndipo nilipoelewa. Difu limegeuka, magurudumu yanazunguka upande usio wake: gia nne zote zinarudi nyuma, gia ya kurudi nyuma ndiyo inakwenda mbele. Kulifungua na kulifunga upya ni kazi ya nusu siku. Na simu ikaita.

"Rajabu, tuko bondeni, magari yamezama. Uko wapi sasa?"

"Nakuja, dada."

Nikaenda. Kilomita zile chache kwenda bondeni nilizishuka kwa rivasi, mwendo wa mtu anayesindikiza mgonjwa, injini inapiga kelele, jasho linanitoka, na nyuma yangu watoto na vijana wanatembea kwa miguu wakinipita, mmoja ananiambia, "Mjomba, tukusukume?" Nikatamani mashimo yale ya Tunduru yanimeze. Niseme kweli, nilipofika njia panda inayokwenda barabara kubwa niliitazama. Mtu wa kuhama huwa anaitazama njia panda. Halafu nikakumbuka sauti ya dada, nikanyoosha kushuka.

Bondeni nikawakuta: gari tatu ndogo zimekaa kwenye tope hadi milango, ami zake Shabani wamekunja suruali, Shabani amesimama juu ya jiwe kwa kanzu yake nyeupe kama korongo, na dada mikono kiunoni.

"Geuza haraka tuondoke, jua linasogea."

Nikatazama. Njia pale ni tuta jembamba, kushoto mtaro, kulia majaruba ya mpunga. Hata baiskeli inageuzwa kwa kubebwa. Gari la kawaida lingelazimika kupanda kile kilima kirefu kwa gia moja tu ya rivasi. Langu, jamani, langu lilikuwa na gia nne za kurudi nyuma!

"Dada," nikasema, na sauti yangu ikabadilika, "sigeuzi. Pandeni."

"Umechanganyikiwa?"

"Pandeni wote, kaeni nyuma kabisa. Shabani simama katikati, shika bomba la juu. Wewe dada simama mlango wa nyuma, mimi sioni, niambie kulia na kushoto."

Nikatia namba moja ya nguvu. Uzito wote wa ukoo ulikuwa umekalia magurudumu ya nyuma, yale yanayosukuma, meno ya matairi yakauma udongo, na landrova ya baba ikaanza kupanda kile kilima kwa makalio, bila kuteleza, bila kusita, wakati trekta moja pembeni limelala kwenye mtaro na dereva wake ameachama mdomo.

"Kulia! Kulia Rajabu! Kulia yangu si yako! Hapo, nyoosha! Kushoto kidogo, kuna mbuzi! Wewe mbuzi!"

Maisha yake yote dada yangu amekuwa akiniamuru, na siku ile kwa mara ya kwanza nilitii kila neno. Juu ya kilima nikatia namba mbili, kisha namba tatu, upepo ukaingia, wale ami wakaanza kuimba, nami nikasikia harufu ya dizeli na ya mbao za mabenchi na nikawa na miaka minane.

Tukaingia uwanjani hivyohivyo. Sasa tazameni walichokiona watu wa kwa Mzee Kondo: hawakuona boneti ya gari wala sura ya dereva. Walimwona bwana harusi kwanza, amesimama wima kwa kanzu isiyo na doa, mama yake pembeni, anawasogelea kama yuko jukwaani. Nikasimamisha mlango wa nyuma ukingoni mwa mkeka, dada akaufungua, Shabani akashuka juu ya mkeka bila kukanyaga tope hata kwa kidole. Vigelegele vilivyopigwa pale nadhani hata kijiji cha Mzenga walivisikia.

Mzee Kondo akamtazama mkwewe kuanzia kofia mpaka viatu. Shehe alikuwa anavaa makubadhi yake aondoke, akayavua tena.

"Hivi ndivyo mtu anavyoletwa," mzee akasema. "Watu wanatutupia bwana harusi kama mzigo, huyu ameletwa uso kwa uso."

Bi Tatu akainua mwiko. "Kumbe asubuhi alikuwa anafanya mazoezi!"

Sikubisha. Mngebisha nyinyi?

Difu nililigeuza wiki iliyofuata, na nimeapa sitafunga tena kitu chochote chini ya gari nikakionyesha watu kabla sijakijaribu nyuma ya nyumba, mbele ya kuku tu. Lakini harusi ya pili niliyoitwa nilifika kichwa mbele kama madereva wote, na bibi mmoja akaniuliza kwa huzuni kwani wao wameukosea nini upande wa mume hata bwana harusi akaletwa kawaida vile. Kwa hiyo siku hizi bwana harusi wa Kurui namleta kwa rivasi ya kweli, gia moja, shingo inaniuma mpaka jioni.

Na dada, ambaye miaka yote hiyo akipiga simu swali lake la kwanza lilikuwa niko wapi sasa, haniulizi tena hilo. Anajua nilipo. Anasema tu, "Rajabu, umeshalijaribu?"