Salamu Nilizozitunga

Ndugu yangu aliondoka Jego peke yake mwaka wa zile mvua za El Nino, wiki mbili kabla ya Ramadhani, kwa ngalawa ya marehemu baba. Alisema anakwenda dago Pemba, apige kambi na kuvua huko miezi michache kisha arudi. Idd ikafika bila habari yake. Mimi dada yake wakati huo nilikuwa dobi katika hoteli moja ya Diani. Nilikuja nyumbani kwa sikukuu nikamkuta mama hali chakula, macho kayakaza mlangoni. Sikuvumilia. Nikamwambia nimekutana Ukunda na mvuvi aliyetoka Pemba, kasema mwanao hajambo, anakusalimu sana.

Uso wa mama ulivyokunjuka! Akala pilau, akamalizia na mkate wa kumimina. Nikajiona nimetenda jambo la maana.

Salamu kwetu ni amana. Ukipewa huna budi kuzifikisha, na aliyeletewa hurudisha zake. Basi kila nilipoondoka mama alinipa za kurudisha: mwambie avae kitu kizito alfajiri, mwambie kikohozi asikipuuze. Na kila niliporudi alizingojea mpya, nami nikatunga. Kwa zaidi ya mwaka nilimlisha ndugu yangu, nikamvisha, hata mchumba wa Kipemba nikamtafutia. Mwishowe nikaamini mwenyewe kwamba yu hai. Nilijidanganya vizuri kuliko nilivyomdanganya mama.

Mlangoni mwa mto palikuwa na mnara wa kale, nasi tangu utotoni tuliujua kama makao ya popo. Zamani za Waarabu askari walikaa juu yake wakitazama vyombo vinavyoingia mtoni. Sasa ulikuwa umepakwa chokaa na kufanywa makumbusho ya mambo ya bahari. Mama ndiye aliyetaka twende. Alisikia zimewekwa nanga za kale ambazo baba alipenda kuzisimulia. Wageni walikuwa wamepungua hotelini tangu zile ghasia za Likoni, nami nilikuwa na likizo nisiyoiomba.

Msimamizi wa makumbusho, mwanamume mwenye miwani iliyofungwa uzi, alimwamkia mama kwa adabu akatupitisha chumba cha chini. Kulikuwa na nanga, dira iliyoota kutu, mitungi, kamba za makumbi. Mama alikuwa akicheka, akimsahihisha majina ya vitu. Kisha akasimama mbele ya kafi lililotundikwa ukutani. Kwenye mpini palikuwa na mistari mitatu na tundu moja, alama ambayo baba aliichoma kwa msumari wa moto kwenye kila kifaa chake, kisije kikachanganyika na cha mwenzake pwani.

"Hili mlilipata wapi, mwanangu?"

"Wavuvi walilileta, mama. Waliikuta ngalawa imepinduka hapa mlangoni mwa mto wakati wa mafuriko, siku chache kabla ya Ramadhani ya mwaka ule wa mvua. Mtu hakuonekana. Tuliuliza vijiji vyote. Jego tulifika mfunguo mosi, baada tu ya Idd, barabara zilipoanza kupitika."

"Mlikuja," mama akasema taratibu. "Watu wawili na baiskeli. Waliniuliza kama kuna aliyepotelewa na mtu. Nikawajibu, kwetu hapana. Mwanangu yuko Pemba, salamu zake nimezipata juzi."

Lau ningenyamaza Idd ile, mama angefuatana na wale watu, angeiona ngalawa ya mumewe, na mwanawe angesomewa khitma wakati wake. Nyumbani kwetu hakupotea mtu kwa sababu mimi nilikuwa nimeshampata.

Mama alilishika lile kafi kwa mikono miwili, na msimamizi hakumzuia. Hakunigombeza. Nilitamani anigombeze, hata kofi ningelipokea kwa shukrani. Njia nzima ya kurudi hakunitazama. Juma lile tulisoma khitma. Mama aliwapakulia watu mwenyewe na kuwashukuru mmoja mmoja, na mimi nilikuwa uani nikiosha masufuria, maana sikuwa na uso wa kukaa na wanawake wenzangu. Nililia huko hata maji ya kuoshea yakapoa.

Miezi mitatu baadaye nilipita Msambweni kumjulia hali shangazi, dada yake baba, aliyekuwa mgonjwa. Yeye na mama walikuwa wameishi kama ndugu wa tumbo moja. Alinishika mkono akasema, "Nisalimie mama yako sana. Mwambie aje anione, asikawie."

Nilizifikisha siku hiyo hiyo, neno kwa neno. Mama alikuwa ameketi barazani akisuka ukili.

"Alhamdulillahi," akasema, wala hakuinua macho.

Nikarudia. Nikaapa. Akaendelea kusuka.

Hakwenda. Shangazi alifariki Ijumaa iliyofuata. Habari za msiba nilizipata mimi kwanza, nikakimbia nyumbani kumwambia mama, naye akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akamtuma mtoto wa jirani aende akaulize kama ni kweli.