Mkaguzi na Mstari Wake wa Zamani

Mkaguzi wetu wa programu hapa Porto Alegre huusoma kila mstari kwa kidole, akinong'ona mahali kumbukumbu ya mashine inapoombwa na mahali inaporudishwa. Kibuyu cha chimarrão, chai chungu ya huku, hukipokea kwa mkono mwingine bila kuinua macho. Jumanne, mwenzetu Otacílio aligundua kwamba kiini cha mfumo endeshi, kinachotumika hata hospitalini, huendelea kusoma kumbukumbu ambayo kimekwisha kuirudisha. Mdukuzi angepenyea hapo na kuitwaa mashine nzima. "Dada, bingwa gani kaandika madudu haya?" alimwambia mkaguzi akicheka. "Tumtaje kwenye tangazo la kasoro hii, dunia imjue!" Kidole kilisimama. "Ni mimi, miaka kumi na moja iliyopita. Nitaje." "Aa, dada, si utani tu!" "Mimi sitanii. Andika."

Desturi yetu ni kuandika, chini ya jina la mtunzi wa mstari, jina la aliyeukagua na kuupitisha. Chini ya lake palikuwa na langu. Kidole chake kilipita hapo polepole, kama kawaida, kisha akatuma tangazo lenye jina moja, lake. Sijui kama alinisitiri au alingoja niseme mwenyewe. Wala sielewi kwa nini nilinyamaza.