Ushuru wa Koleta kwenye mstari mwekundu

Mwandishi wa makala haya anaapa, mkono mmoja kifuani na mwingine kwenye kikombe cha kahawa, kwamba yote yaliyoandikwa hapa ni kweli tupu. Mwenye shaka apande basi aje Kanyenye aulize. Akikuta humu uongo, hata wa ukubwa wa kiroboto, mwandishi yuko tayari kulipa hadharani.

Saa moja asubuhi, katika kituo kimoja cha picha za hospitali mtaa wa Kanyenye, mjini Tabora, Koleta Kasimiri amesimama mbele ya mlango mzito. Chini ya miguu yake sakafu imepakwa mstari mwekundu, mpana kama kiganja. Mkononi ameshika beseni la plastiki.

"Lete ushuru, mama," anamwambia mwanamke aliyefika kutoka Nzega, ambaye tayari amevalishwa gauni la wagonjwa.

Mama anavua hereni. Anavua bangili. Anafungua fundo la kanga aliyobaki nayo mabegani, sarafu zinadondoka kwenye beseni kwa mlio wa furaha. Anataka kuvuka mstari.

"Bado," anasema Koleta, macho yake kichwani kwa mama. "Huo msuko umeshikwa na nini?"

Benchi zima la wanaosubiri zamu linaangua kicheko. Mama naye anacheka, anaingiza vidole kwenye nywele na kuanza kuchomoa vibanio, kimoja baada ya kingine, hadi beseni linaanza kufanana na kibanda cha fundi cherehani. Koleta anampitishia kifaa cha kutambua chuma, mbele na nyuma. Kimya. Ushuru umekamilika. Mama anavuka.

Nyuma ya mlango huo kuna mashine ya MRI, ambayo kazi yake yote inategemea sumaku. Ni sumaku yenye nguvu za ajabu. Siku mafundi walipoiwasha kwa mara ya kwanza, majembe yaliyokuwa yameegeshwa ukutani huko Isevya yaligeuka yote yakaelekea Kanyenye, na treni ya Mpanda ikapunguza mwendo bila dereva kugusa breki.

"Usiandike hivyo, mzee wangu," Koleta anamkatiza mwandishi. "Watu wataogopa kuja. Andika kwamba nguvu yake inaishia humu ndani, lakini humu ndani haina mchezo. Na haizimwi. Hata ukiona taa zimezimwa na hakuna mgonjwa, sumaku iko macho."

Basi imeandikwa hivyo.

Koleta ni mhudumu. Si daktari, wala si yeye anayepiga picha. Hiyo ni kazi ya Revocatus, mtaalamu wa mionzi. Kazi ya Koleta ni kuwaandaa wagonjwa: kuwavalisha gauni, kuwauliza maswali, kuwatuliza, na kuhakikisha hakuna anayevuka mstari akiwa na kitu asichopaswa kuwa nacho.

Alizaliwa katika familia ya Kinyamwezi ya wakulima wa tumbaku upande wa Urambo, Wakatoliki wa kutokosa misa. Alikuja mjini kumuuguza shangazi yake, shangazi akapona, yeye akabaki. Alianza kituoni hapo kwa kupiga deki. Mshahara wake unatosha unga na karo ya watoto, anasema, ila kila ukikaribia kufika kwenye bati la nyumba anayoijenga unapata kizunguzungu na kurudi.

Habari ya ushuru aliianzisha mwenyewe. Aligundua kwamba ukimwambia mgonjwa "vua vyuma vyote," anavua saa ya mkononi na kukuapia kwamba amemaliza. Funguo zimo mfukoni. Kadi ya benki imo kwenye soksi. Wengine wana hirizi yenye kikopo cha bati, na hao ndio wabishi kuliko wote.

Ndipo akakumbuka hadithi za bibi yake. Zamani Wanyamwezi walipopita na misafara kwenda pwani, walipofika Ugogo walisimamishwa visimani. Hakuna aliyekunywa maji kabla ya kulipa ushuru wa njia, wa vitambaa na shanga. Kutokana na safari hizo, Wanyamwezi na Wagogo wakawa watani, na utani huo haujaisha hadi leo.

"Nikasema, sasa zamu yetu. Huu mstari ndio kisima changu," anasema Koleta. "Awe Mgogo, awe Msukuma, awe Mwarabu wa Gongoni, hapiti mtu bila kulipa. Watu wakicheka wanakumbuka vitu walivyovisahau mwilini."

Wengi, anasema, huja wakidhani picha zote ni moja. Mwingine ameandikiwa ultrasaundi ya kibofu na kuambiwa anywe maji mengi asiende haja ndogo. Anakunywa kweli. Kisha akikaribia mlango anaona ni aibu kuingia kwa mtaalamu na tumbo limejaa, anachepuka chooni kwa adabu zake zote, na kazi inaanza upya. Mwingine ametakiwa asile kitu kabla ya ultrasaundi ya tumbo, anafika ameshakunywa asali, kwa sababu kwao asali ni dawa.

"Fuata ulichoambiwa kwa ajili ya picha yako wewe, si ya jirani," anasema. "Na dawa zako za kila siku usiziache kwa kubuni. Uliza."

Eksirei na siti skani hutumia mionzi, kwa hiyo mwanamke mwenye mimba, au anayehisi tu kuwa nayo, aseme kabla ya kuingia. Kuna picha nyingine ambazo mgonjwa huchomwa dawa ya kuzifanya zionekane vizuri. Hapo aseme kama ana ugonjwa wa figo, na kama kuna dawa iliyowahi kumletea mwasho au kumvimbisha uso. Picha za zamani azibebe, hata kama zimekunjamana.

MRI yenyewe haiumi. Inanguruma na kugonga kama mashine ya kukoboa mpunga, ndiyo maana mgonjwa huzibwa masikio na kupewa kipira cha kubonyeza akizidiwa na hofu. Atulie tu, asijikune. Ila aliyewekewa kifaa cha kusaidia moyo, aliyefungwa vyuma mfupani, au aliyewahi kuingiwa na chuma mwilini, hata zamani za kale, asinyamaze.

Hapo kwenye kunyamaza ndipo Koleta anaposhusha beseni chini na kusimulia habari ya mzee Ezekia.

Ezekia ni Mgogo aliyeletwa Tabora na kazi ya reli akiwa kijana, akafanya kazi karakana hadi kustaafu, akasahau kurudi kwao. Ni maarufu kwa maneno. Miguu yake ilianza kufa ganzi, mmoja kisha wa pili, hadi ikawa kutoka kitandani kwenda mlangoni ni safari ya kuaga watu. Daktari akaagiza MRI ya uti wa mgongo, akaonya kwamba wakichelewa huenda miguu isirudi.

Binti yake, Levina, alimleta kwa bajaji. Koleta alipomtambua mtani wake, alichangamka. Akamwambia siku ya kulipa deni la kisima imefika, atoe vyote. Ezekia akatoa saa, mkanda, kikopo cha ugoro, akilalamika kwamba Wanyamwezi ni wanyang'anyi tangu wazaliwe. Benchi lilikuwa na raha kama harusini.

Kisha Koleta akauliza kama ana chuma ndani ya mwili.

"Ninacho jichoni," Ezekia akajibu. "Ndiyo maana treni ya Kigoma ikikaribia, jicho langu hugeuka lenyewe kuipokea."

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Levina ndiye aliyecheka wa kwanza, akamwambia Koleta amwache, hiyo ni ngano ya baba yake ya kila siku. Na kweli, mji mzima uliijua. Katika kijiwe cha kahawa cha Gongoni, ambako Ezekia aliisimulia mara nyingi, kuna mstaafu mmoja, Mnyamwezi, mtani wake, aliyewahi kusimama mbele ya wote na kuapa: siku chuma hicho kikionekana kwenye picha yoyote ya hospitali, yeye atambebea Ezekia mzigo begani kama mpagazi, kutoka Kanyenye hadi Gongoni, mchana kweupe. Tangu siku hiyo ngano ikawa kichekesho rasmi, na Ezekia mwenyewe akawa anacheka nayo.

Koleta naye alicheka. Anakiri. Alimvalisha gauni akicheka, akampitishia kifaa chake akicheka, na kifaa kikanyamaza, maana kitu kidogo kilichozama mwilini hakikitambui. Wakafika kwenye mstari mwekundu, Ezekia ameegemea bega lake.

Lakini Koleta ana desturi moja ambayo haivunji. Utani wake wote unaishia kwenye mstari. Kabla ya mguu kuvuka, anauliza swali la mwisho upya, bila tabasamu, kwa kila mtu.

"Mzee Ezekia, hapa hatutaniani. Una chuma jichoni?"

Kicheko cha benchi kiliendelea kidogo, kisha kikafa. Ezekia aliangalia vidole vyake vya miguu.

"Ya treni ni ya kwangu," akasema polepole. "Chuma ni cha kweli."

Akaeleza. Alikuwa ananoa chuma karakana, bila miwani ya kazi. Kitu kikamrukia. Aliosha jicho kwa maji, likavimba, likapona, akarudi kazini. Alipowasimulia wenzake hawakushtuka, basi akaiongezea treni ili angalau wasikilize.

Levina hakutaka kusikia. Akamuuliza Koleta kama haoni hali ya baba yake, jicho gani hilo wakati linaona vizuri, mbona wanapoteza muda na miguu inakufa. Hata Ezekia akasema basi, yaishe, aingie tu.

Koleta aligoma. Alisimama kwenye mstari na beseni lake kifuani kama ngao, akamwita Revocatus. Mtaalamu yule hakubishana naye hata kwa neno moja. Aliagiza Ezekia apigwe kwanza eksirei ya macho.

Walisubiri. Levina alikaa akiwa amempa Koleta kisogo. Koleta anasema alisali kimoyomoyo, ila mpaka leo hajui alikuwa anaomba kionekane au kisionekane.

Picha ikatoka. Katikati ya kivuli cha tundu la jicho la kulia ilikaa punje nyeupe, ndogo kama ulezi, iking'aa.

Levina aliiangalia, kisha akamshika baba yake mkono na hakuuachia. Kwa sababu jicho la kushoto la Ezekia lilikwisha zibwa na mtoto wa jicho. Hilo la kulia ndilo pekee alilobakiwa nalo. Revocatus aliwaeleza kwamba sumaku ingeweza kuisogeza ile punje ndani ya jicho, na mzee angeingia akiona na kutoka hamjui binti yake.

MRI ikafutwa. Baada ya mashauriano na daktari, Ezekia alipigwa siti skani, ambayo haina sumaku. Ilionesha mfupa umebana mishipa ya fahamu. Akapewa rufaa, akatibiwa, akarudi kufanya mazoezi kila asubuhi huku majirani wakimhesabia hatua.

"Siku ile nilijifunza," anasema Koleta. "Sisi watani tumezoea kucheka kabla ya kusikia."

Sasa ana mpango, na akiueleza anashindwa kukaa kitini. Padri wa parokia yake amekubali kumpa nafasi ya kuzungumza na waumini baada ya misa ya Jumapili. Mchungaji wa Moravian kijiji cha jirani naye ameomba aje. Ataanza huko, kisha minada ya Nzega na Igunga, na mstari mwekundu wa kitambaa atakaoutandika chini popote atakapofika. Revocatus ameahidi kwenda naye zamu zikiruhusu.

"Nataka kila nyumba watu waulizane kabla ya kuja huku," anasema. "Mzee ana nini mwilini? Mama ana nini? Wasingoje kuulizwa na mimi mlangoni."

Mwandishi alifunga daftari, akashukuru, akaomba achungulie mashine kidogo. Alitoa funguo, simu na mkanda. Kifaa kikanyamaza. Akainua mguu.

"Bado," akasema Koleta. "Huyo mstaafu wa kijiweni uliyemwandika. Ni nani?"

Mwandishi akasema ni mtu fulani tu, jina limemtoka.

"Jina limekutoka, lakini kiapo chake umekikumbuka chote. Hapa hatutaniani, mzee wangu."

Kabla hajajibu, mlango wa nje ukafunguliwa. Aliingia mzee Ezekia, kwa miguu yake, mkongojo mkononi, na nyuma yake Levina akiburuta gunia la karanga. Koleta alikuwa amewapigia simu asubuhi ileile, mara tu alipomtambua mwandishi, kabla hata ya kahawa yake kupoa.

Benchi zima lilisimama.

Hivyo basi, wakazi walioona mchana ule mzee mmoja akitoka Kanyenye na gunia begani, jasho likimtiririka, suruali ameishika kwa mkono kwa sababu mkanda ulisahaulika kwenye beseni, hawakuota. Mbele yake alitembea Mgogo mwenye mkongojo, akiongoza msafara bila haraka, akigeuka kila baada ya muda kuhakikisha mpagazi wake hajatoroka.

Gunia, kwa kiapo, lilikuwa na uzito wa tani moja.

"Debe moja," Levina alisema kutoka nyuma.