Migongo Miwili Hotelini

Harufu ya iliki ikichanganyika na moshi wa mkaa hunishika pua hata nikiwa ng'ambo ya barabara, na miguu yangu inageuka yenyewe. Ndivyo ilivyokuwa juzi hapa Bomani, Tarime mjini. Nilikuwa nimempeleka mjukuu wangu Ghati kupimwa uzito. Tulipotoka huko nikasema tupite sokoni, na tulipotoka sokoni nikasema sasa tukae mahali tunywe chai. Ghati ana miaka miwili na mdomo wa mtu mzima. Tulipoingia hotelini alipanda benchi mwenyewe, akapiga meza kwa kiganja, akamwambia binti anayehudumia, "Lete!" Lete nini, hakusema. Watu walicheka hadi mmoja akapaliwa. Mimi nilijivuna, na kwa nini nisijivune? Mtoto anayejua kudai chakula ni mtoto mzima wa afya.

Nusu ya chapati aliila. Nusu nyingine aliipaka kwenye upara wa baba mmoja aliyekuwa amekaa nyuma yetu anakula maharage yake kimya. Nikaomba radhi. Yule baba akajipangusa, akasema, "Acha tu bibi, kichwa kilikuwa kimekauka." Ghati akaona ameruhusiwa, akataka kumwongeza na chai, nikamwahi mkono.

Na mimi nikiwa nimekaa pale, ile iliki ikinipanda kichwani, nikamkumbuka mtoto mwingine, katika hoteli nyingine ya mji huu huu, wakati mimi mwenyewe ni mtoto mwenye pengo la meno ya mbele. Sikilizeni niwaambie. Shule niliiacha mapema, kalamu naishika kama mpini wa jembe, lakini jambo hili nililiona kwa macho yangu na sijalisahau.

Kwetu ni Nyanungu. Mdogo wangu Chacha alikuwa na umri kama huu wa Ghati alipougua surua. Vipele vikakauka, homa ikaondoka, tukadhani amepona. Kumbe mdomoni kulikuwa na vidonda, na akakataa chakula. Ukimpa uji anageuza uso. Ukimpa maziwa anabana midomo kama mtu anayeficha siri. Bibi yetu alimtengenezea ndizi za kuponda, akazitema juu ya bibi. Shingo yake ilikonda, kichwa kikabaki kikubwa, na ukimbeba mgongoni unahisi mifupa tu.

Mama alikuwa na sababu ya kuogopa. Kabla ya Chacha tulikuwa na dada yetu Boke. Naye aliugua surua, naye vipele vilikauka, naye akakataa chakula, na kaburi lake lilikuwa nyuma ya zizi la ng'ombe. Mama hakulitaja kamwe. Ila akipita nyuma ya zizi alikuwa anatembea haraka.

Basi siku moja alfajiri mama akasema tunakwenda Tarime mjini, hospitali. Tulipanda lori la mahindi, tukakaa juu ya magunia. Mimi nilichukuliwa kwa sababu Chacha alikuwa mzigo wangu. Ndiye niliyembeba tangu shingo yake ilipokaza, na mgongo wangu ulikuwa unamjua kuliko kitanda chake. Huko mjini muuguzi alimtazama mdomo, akampaka dawa ya zambarau hadi kidevuni, akasema, "Mama, dawa nimempa, lakini dawa yenyewe hasa ni chakula. Mtafutieni kitu chochote atakachokubali. Huyu asipokula leo, mrudisheni alazwe." Mama aliposikia neno kulazwa akamfunga Chacha mgongoni mwangu, akatoka. Boke alilazwa. Hakurudi akiwa hai.

Nje jua lilikuwa kali. Tukapita barabarani, mimi na Chacha mgongoni, mama mbele, na hapo ndipo harufu ile ikatujia. Kwetu chai tulikuwa tunaisikia tu kwa wenzetu, na iliki hata jina sikulijua. Ilitoka kwenye hoteli ya mama mmoja Mwislamu aliyekuja na mumewe kutoka pwani, watu wakimwita Mama Zuhura. Chacha akainua kichwa mgongoni mwangu. Nilimsikia akinusa. Nikasema, "Mama, ananusa!"

Mama alisimama mlangoni muda mrefu. Nyie wa leo hamuwezi kuelewa. Mwanamke wa Kikurya wakati ule akae kwenye benchi, atafune mbele ya wanaume asiowajua? Ni kama kuvua nguo. Lakini aliingia. Akakaa benchi la karibu kabisa na mlango, akajifunika khanga kichwani, akaagiza chai na andazi kwa sauti ndogo. Andazi Chacha alilisukuma. Chai akaigusa kwa ulimi, ikamchoma vidonda, akalia bila machozi. Mama akakiweka kikombe chini polepole. Nikaanza kutazama huku na huku ili nisimtazame yeye.

Ndipo nikamwona mtu kwenye pembe, ametupa mgongo, amevaa koti la kaki ninalolijua.

"Mama," nikasema, "yule si shemeji Mwita?"

Mama aliruka kama aliyekanyaga siafu. Mwita alikuwa mume wa dada yangu mkubwa, Robi. Ngoja niwaeleze kwa ambao si wa kwetu. Mama na mkwe wake wa kiume wana ensoni kati yao, yaani aibu ya heshima. Hawasalimiani kwa mkono, hawatazamani usoni, hawakai chumba kimoja. Wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Na kula mmoja mbele ya mwingine, hilo ndilo baya kuliko yote, linaitisha wazee na linachinjiwa mbuzi. Kwa hiyo ilimpasa mama atoke upesi kabla Mwita hajageuka. Akachukua kitambaa chake, akanyoosha mkono amshike Chacha.

Chacha hayupo.

Alikuwa ameshuka benchini. Siku zile alikuwa hawezi kutembea vizuri kwa udhaifu, lakini alikuwa anakwenda huku ameshika mabenchi na magoti ya watu, anayumba, anakwenda tu. Akafika kwenye pembe. Akajiinua kwa kushika koti la kaki, akatumbukiza mkono mzima kwenye sahani ya shemeji, akatoa tonge la ugali lililolowa supu ya mbuzi, akalitia mdomoni.

Mwita akatazama chini. Aliona kichwa kikubwa na kidevu cha zambarau, akamtambua shemeji yake, na papo hapo akajua nani amekaa nyuma yake, maana mtoto wa miaka miwili haji mjini peke yake. Shingo yake ilikakamaa. Kando yake kulikuwa na mlango wa jikoni, na kwa desturi ilimpasa ainuke apite pale aende zake. Mama naye mlango wa mbele ulikuwa hatua chache. Kila mmoja alikuwa na mlango wake.

Hakuna aliyetoka.

Mwita alivuta sahani ikaja ukingoni mwa meza. Akaponda ugali vidogo vidogo kwenye supu, akapuliza, akampa. Hakugeuka nyuma hata kidogo. Na mama yangu, mtu aliyekuwa na heshima kijiji kizima, aligeuka akautazama ukuta, akavuta khanga hadi puani, akaniuliza kwa kunong'ona:

"Anakula?"

"Anakula, mama."

"Anatema?"

"Hatemi. Anafumbua mdomo tena."

"Mtazame kooni. Anameza?"

"Anameza. Mama, anamng'ata shemeji kidole."

Nilisikia sauti imemtoka, sikujua ni kicheko au ni nini. Hoteli nzima ilikuwa inatazama sasa. Kijana mmoja mchimba dhahabu, Msukuma kwa lafudhi yake, akamuuliza mwenzake, "Kwani hawa wamegombana? Mbona wamepeana migongo?" Mama Zuhura akamwambia, "Wewe kula chako, utamezwa na hicho kijiko." Lakini kulikuwa na mzee wa Kikurya karibu na dirisha, na yeye hakuhitaji kuelezwa. Alisimama na fimbo yake, akasema kwa lugha yetu, kwa sauti ya mkutano:

"Wewe mama, ensoni umeiacha wapi? Mkwe wako yule pale na chakula kiko mezani! Toka nje!"

Mama hakugeuka. Aliuambia ukuta, "Mtoto anakula, baba. Akimaliza nitatoka."

"Mmeharibu! Nitawaambia wazee wenu!"

"Waambie. Mtoto anakula."

Sikuwahi kumsikia mama akimjibu mzee vile. Nilishika mguu wa meza nikingoja dari ianguke. Sufuria tu ndizo zilizokuwa zikizungumza huko jikoni. Kisha Mwita, ambaye hakuruhusiwa kumwambia mama yangu neno hata moja, akamwambia Chacha kwa sauti kubwa, hata aliye barabarani asikie, "Kula, shemeji. Kula polepole. Mimi leo sina haraka ya kwenda popote."

Mama aliegemeza paji la uso kwenye ukuta.

Mama Zuhura alikuja na bakuli jingine la supu bila kuagizwa. Alipokuwa akipita kati ya wale wawili alivua khanga yake moja, akaitundika kwenye kamba ya kukaushia vitambaa, ikawa pazia. Akamwambia yule mzee, "Haya babu, sasa ni vyumba viwili. Kaa unywe chai yako." Watu wakacheka, na mzee akakaa, ingawa aliendelea kunung'unika na kikombe chake. Hata hivyo mama hakugeuka. Khanga ya Mama Zuhura ilikuwa nyepesi, na ensoni haidanganywi na kitambaa.

Chacha alikula hadi akacheua. Alikula hadi kichwa kikaanguka kwenye goti la Mwita, akalala na tonge mkononi. Nilitumwa nikamchukue. Shemeji alinipa mtoto huku ametazama pembeni, na sahani yake nikaiona imefutwa kabisa, yeye mwenyewe hakuwa amepata zaidi ya matonge mawili matatu. Kisha akainama, akapita mlango wa jikoni, na tulimsikia akijikwaa kwenye masufuria huko. Mama alikaa. Akanywa chai yake iliyokuwa imepoa na kuota utando, akaimaliza yote. Nilipomwambia anatokwa na machozi alisema ni moshi wa mkaa.

Yule mzee hakuwa mtu wa kutishia bure. Maneno yalifika Nyanungu kabla ya lori letu, wazee wakakaa, na baba akachinja mbuzi wa kusafisha jambo. Baba alilalamika sana kwa ajili ya mbuzi yule, alikuwa anampenda. Mama alimsikiliza kwa adabu, kisha akamwonyesha Chacha uani, akiwa amekaa mavumbini anakula uji, sehemu mdomoni, sehemu masikioni. Mbuzi hakutajwa tena. Leo Chacha ana kitambi kinachofika mahali kabla yake, na wajukuu wanaomtoa jasho.

Mimi kwa akili yangu ya kitoto niliona watu wazima ni wajinga. Niliamini mama amemkasirikia shemeji. Kama hakumkasirikia, mbona alimpa mgongo? Mbona hakumwambia asante? Nilikuja kuelewa nilipopata mkwe wangu mwenyewe. Siku hizi mambo yamelegea, mkwe wangu ananikaribisha meza moja na kuniuliza kama nataka chipsi, naye ni kijana mzuri, lakini mpaka leo tonge linanikwama nikijua ananitazama. Ndipo nikapima mama alibeba nini siku ile, na Mwita alibeba nini. Wangeweza kukimbia wote wawili na hakuna ambaye angewalaumu.

Na asante ilikuwepo, ila ilipita njia nyingine, na mimi nilikuwa naikanyaga bila kuiona. Kila msimu wa maziwa mengi mama alikuwa ananitwisha kibuyu cha maziwa mgando nimpelekee dada Robi, mwendo wa nusu siku. Robi tangu utotoni maziwa mgando yanamtapisha, hata harufu yake hakai nayo. Nilikuwa najiuliza kama mama amemsahau mwanawe. Robi mwenyewe alikuwa anacheka, anakiweka kibuyu kando, na Mwita anakuja kimya, anakaa nyuma ya ghala, anakunywa hadi tone la mwisho. Kisha, mwanamume mzima wa Kikurya, anatafuta kijiti kilichochomwa, anakisugua kibuyu ndani kama afanyavyo mwanamke, anakisuuza, ananipa, anasema, "Mwambie mama yako kimerudi safi." Nilimcheka njia nzima. Mama nilipompa ujumbe ule hakucheka. Alikuwa anakinusa kibuyu, anakaa nacho magotini kidogo, ndipo anakitundika.

Walizungumza hivyo miaka yote mpaka mama alipofariki, na mimi ndiye niliyekuwa nabeba maneno yao kichwani, huku nikilalamika kwamba ni mazito.