Ini la Djamali Lapewa Majina

Djamali wa Wamaza hakuwahi kuonja lotoko, ile pombe kali ya kienyeji, hata ya kuchovya kidole. Walioinywa aliwasema hadharani, kwa majina, na alfajiri ndiye aliyeadhini. Kazi hiyo, aliyoirithi kwa baba yake, aliipenda kuliko biashara yake ya dhahabu kule Salamabila, ingawa ni dhahabu iliyompa pikipiki, nyama kila siku na tumbo lililomtangulia mlangoni.

Ubavu ulipoanza kumuuma, akaenda Kasongo kupigwa ekografi, picha ya ndani ya tumbo. Daktari, mama mmoja mpole, akaitazama picha na kutamka Kifaransa chake: "Steatozi no alkoliki." Yaani ini lina mafuta, na si ya pombe. Lakini jirani yake Moustapha, aliyemsindikiza, alikuwa mlangoni, na katika maneno yote alishika moja tu: alkoliki.

Djamali hajashuka vizuri kwenye pikipiki, Wamaza nzima inajua kwamba ini la muadhini limeoza kwa lotoko. Walevi ndio waliofurahi zaidi. Walianza kumsalimia kama mwenzao. Mwalimu wa msikiti akamwita kando: "Baba Djamali, pumuzika kwanza na adhana. Watu wanasema."

Ilimuuma kuliko ubavu. Aliposikia sauti ya mtu mwingine ikiita alfajiri, alijifunika shuka akalia.

Akarudi Kasongo. "Dokta, ile jina yako imeniua. Haina ingine?"

"Iko," daktari akacheka. "Wakubwa wetu wamebadilisha. Ile ya zamani ilisema tu kitu haunywe, haikusema kitu kinakuumiza. Sasa ni steatozi metaboliki: mafuta mu ini, pamoja na sukari, presha na hii tumbo. Punguza kula, baba. Pikipiki uiache, utembee."

Njia nzima Djamali alilirudiarudia lile neno lisimpotee. Baada ya sala akasimama mbele ya watu, akalitamka taratibu: "Metaboliki."

"Diaboliki?" mzee Bulaimu akaruka. "Shetani iko mu ini?"

Kutoka ulevi hadi shetani kwa safari moja! Watu walishaanza kusogea mbali naye, ndipo mkewe Rachida akachoka, akapaza sauti kutoka upande wa wanawake: "Muache Kifaransa! Bwana yangu iko na mafuta mu ini. Mafuta tu!"

Mwalimu akatabasamu. Mafuta! Hadi ndani ya ini! Mtu aliyeneemeka namna hiyo, lotoko ya nini tena? Wakampa mkono wa pongezi, wengine wakimwonea wivu waziwazi. Kesho yake aliadhini mwenyewe, kwa furaha ya ajabu.

Ijumaa wakamchinjia mbuzi. Moustapha, kwa kuomba radhi, akamchagulia vipande vilivyonona na kumwagia mchuzi juu ya wali. "Kula, baba. Mutu wa mafuta ni wewe."

Djamali aliitazama sahani akaogopa kweli kweli, maana maneno ya daktari aliyakumbuka yote. Lakini kukataa ni kusema anaumwa, na mgonjwa watamuuliza tena anaumwa nini. Wote walikuwa wakimtazama. Akasema bismillahi, akamega.