Msumari wa Ngata

Nilifika Chimala juu ya lori la magunia matupu. Tulitoka Iringa, pale Mlandege, kabla ya jua kuchomoza, nami nilijifunika magunia yale yale kwa baridi ya Mafinga na Makambako. Tulipoteremkia Usangu nilianza kuvua nguo moja moja, na alasiri niliposhuka kwenye mashine ya mpunga nilibaki na singlendi tu. Nilidhani nitakaa msimu mmoja. Kila mahali nilidhani hivyo.

Kazi yetu ilikuwa kupakia mchele kwenye malori, na wote tulikuwa vibarua. Kila mtu alikuwa na ngata yake, kipande cha gunia kilichosokotwa cha kuweka kichwani, na msumari wake ukutani. Ukiugua, ngata yako ilibaki pale, wala hakuna aliyechukua nafasi yako. Aliyeondoka moja kwa moja alimwachia msumari amtakaye. Hayo hayakuandikwa popote, lakini hata msimamizi aliyafuata.

Kisha redio zikaanza kutaja muswada wa sheria mpya ya kazi. Mtu wa chama cha wafanyakazi akaja kutoka Mbeya mjini, akatueleza kwamba ukipita, kibarua wa muda mrefu atakuwa mfanyakazi kamili, na akiugua hatapoteza kazi. Tusisubiri Bunge, alisema. Bosi amekubali tufungue tawi sasa, mradi zaidi ya nusu yetu wanyooshe mikono.

Jirani yangu wa chumba, Msukuma ambaye wazazi wake walihamia Usangu na ng'ombe, alikuwa ameumia mgongo kazini. Tawi lilimhusu kuliko sisi sote. Alitaka kuja kikaoni hivyo hivyo akijikongoja.

"Lala, kaka," tulimwambia. "Ngata yako itahudhuria."

Siku ya kikao, pale pale mashineni, mikono ikanyooshwa, ikafika nusu kamili. Ndipo mzee wetu wa kazi, Msangu mwenye shingo kama kisiki, akainua ngata ya jirani yangu.

"Na huyu."

Msimamizi akacheka. "Ngata nayo inapiga kura? Kesho mtaniletea na kandambili!"

"Mwenyewe yupo nyumbani, anaumwa."

"Basi hapa hayupo."

Tukamgeukia mtu wa chama. Akainama. "Wazee wangu, asiyekuwepo hahesabiwi." Nilitaka kukimbia kumleta, lakini kikao kilikuwa kimeshafungwa. Mpaka dakika ile, kwetu sisi, ngata ikiwa ukutani mtu yupo. Nimejiuliza mara nyingi tangu hapo ni sheria gani ingeweza kuliandika hilo, na sijapata jibu.

Asubuhi iliyofuata msumari wa jirani yangu ulikuwa umeng'olewa.

"Si mlitaka sheria?" msimamizi alisema. "Asiyekuja hana kazi. Muswada ukipita, tutaongea."

Miguu yangu ilikuwa imeshaanza kuwasha kwa hamu ya safari siku nyingi. Nilitoa ngata yangu, nikatundika ya jirani yangu kwenye msumari wangu.

"Na ukirudi?" mzee akauliza.

"Sirudi, mzee. Nimemwachia yeye."

Mzee akaketi juu ya gunia, na wenzake wakaketi. "Huu nao ukiguswa," akamwambia msimamizi, "hatubebi."

Malori yalikuwa yakingoja. Msimamizi alitazama ukuta, akatazama malori, akaingia ofisini. Ndipo walipoinuka kubeba, nami nikaenda barabarani kusimamisha gari la Mbeya.